Somo Wangu na Nyumba ya Mageisha

Pilau ya arobaini ya Bi Tima ilikuwa tamu, nami niliila. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nilikwenda pale kununa. Niliketi mkekani katika ule ukumbi wa Small Heath tunaoukodi kwa harusi na kwa matanga, nikawasikiliza wanawake wakimsifu mmoja baada ya mwingine. Huyu alisema Bi Tima ndiye aliyemfunza kupika mkate wa kumimina kwenye jiko la umeme na ukaiva juu na chini. Yule akasema hakuna bibi harusi wa pwani aliyeolewa Birmingham hii bila kupita mikononi mwake. Wa tatu akasema katika kuishi naye kote hakuwahi kumsikia akitamka neno la uongo, na hapo tonge likanikwama, nikaomba maji. Binti mmoja aliyezaliwa hapa hapa, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniinamia akaniuliza somo ni nani hasa, maana kila mtu alikuwa akisema marehemu alikuwa somo wa fulani na fulani. Nikamweleza kwamba ni mwanamke anayekabidhiwa msichana kabla ya kuolewa, amfunze usafi na adabu na mambo ya ndani, na amsemee kwa wakubwa yale ambayo msichana mwenyewe haruhusiwi kuyatamka. Akafikiri kidogo, akasema kumbe ni kama kocha wa maisha. Nikamwambia naam, kama kocha. Akauliza kama alikuwa wangu pia, nikamjibu kwamba alikuwa wangu, naye akanishika mkono kunipa pole. Nilimwachia mkono wangu, kwa kuwa yeye hakuwa amenikosea kitu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule niliokuwa na miaka ishirini. Habari za kwetu, nani alinileta Uingereza na kwa njia gani, naziacha zilale. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nikiishi kwa shangazi yangu, katika nyumba moja iliyobanwa na nyingine pande zote mbili, nyuma ya maduka ya Coventry Road, na kwamba nilikuwa nikifanya kazi chumba cha kufulia katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilikunja mashuka ya wazee wa Kiingereza tangu asubuhi hadi vidole vikanuka dawa. Lakini nilikuwa na langu moja. Nilikuwa nimekubaliwa chuo cha uuguzi, masomo yaanze Septemba, na nilikuwa nimekwisha kwenda kuliona jengo kutoka nje mara kadhaa, kama mtu anayekwenda kumchungulia mchumba. Kisha mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Suleimani, mwenye duka la vitambaa na sauti katika kila kamati ya akina mama, akaniona kwenye harusi nikigawa sharubati, akapendezwa na jinsi nilivyoshika sinia. Baada ya wiki chache akaleta posa ya mwanawe. Shangazi alifurahi mpaka akachoma mahamri. Kwetu kwa kawaida mtu huposwa, posa ikajibiwa, ndipo somo akaitwa, lakini ughaibuni kila kitu hupangwa kwa kufuata shifti za kazi, kwa hiyo shangazi alinikabidhi kwa somo kwanza, jibu rasmi likangoja kikao cha wakubwa baada ya Ramadhani. Nyumbani mwari huwekwa ndani wiki nzima nzima, jua lisimwone. Mimi niliwekwa ndani Jumamosi na Jumapili, maana Jumatatu alfajiri mashuka yalikuwa yakinisubiri.

Nyumba ya Bi Tima ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, na chumba cha kunifunzia kilikuwa ghorofani, nyuma, dirisha lake likiangalia mapipa ya taka na ua wa jirani. Ndani yake mlikuwa na godoro chini, kabati lililojaa leso zilizokunjwa, na hita ya gesi iliyokohoa kabla ya kuwaka. Kengele ya moshi ya darini alikuwa ameivisha kofia ya plastiki ya kuogea, akaifunga kwa mpira, ili tuweze kufukiza udi bila ya kuitiwa zimamoto. Kila Jumamosi alinisinga kwa liwa mpaka ngozi ikawaka, akanifunza kukaa, kuinuka, kumpokea mtu mlangoni, kujibu bila ya kupandisha sauti. Asmini haikupatikana, kwa hiyo kikuba alikitunga kwa mawaridi aliyoyachuma alfajiri kwenye ua wa jirani, na mimi nikawa mlinzi dirishani. Alikuwa mfupi, mwepesi wa mkono, na mwenye mdomo usiomwacha mtu. Nilipokosea kushika kikombe alikuwa akisema, "Huyu mume atakunywa chai ama ataogeshwa nayo?" Chakula chake sijapata kukila tena mahali popote. Alikuwa akinipikia changu wa kupaka kutoka kwa samaki wa barafu, akampaka tui kwa brashi ndogo ya rangi aliyoinunua dukani makusudi kwa kazi hiyo, nasi tulikula kwa mkono kutoka sahani moja, akinisogezea minofu. Wanawake walipomtembelea chini jikoni nilikuwa nikiwasikia kupitia sakafuni, wakimpa siri zao moja baada ya moja, na yeye akijibu kwa utulivu, "Mie kisima, mwanangu. Kikiingia hakitoki." Nilimpenda. Nalisema waziwazi kwa sababu bila hilo yanayofuata hayana uzito. Nilikuwa sijakumbatiwa na mtu tangu nishuke uwanja wa ndege, na huyu mwanamke alikuwa akinisuka nywele huku amenilaza kichwa mapajani mwake.

Bi Tima alikuwa na meza yake ya biashara katika soko la mjini, akiuza udi, hina, leso na mabaibui. Katika wateja wake alikuwamo mzee mmoja Mwingereza, mwembamba, mwalimu aliyestaafu, aliyekuwa akija kununua vipande vya udi bila ya kubishana bei. Mteja asiyebishana humtia muuzaji wasiwasi, na siku moja Bi Tima akamuuliza anaufanyia nini. Yule mzee akamweleza kwamba alikuwa ameishi Japani ujana wake wote, akaoa huko, na mama mkwe wake alikuwa geisha, mwanamke aliyefunzwa kuwatumbuiza wageni kwa nyimbo na mazungumzo. Mkewe alipofariki, yeye aliigeuza ghorofa ya juu ya nyumba yake, huko Acocks Green, kuwa makumbusho ya mageisha, akaweka vitu vyote vya yule mama na vingine alivyovikusanya, akawa anafungulia watu siku za Jumamosi. Udi ule ule anaouza Bi Tima, alisema, ndio unaothaminiwa kupita yote kule Japani. Akamkaribisha. Bi Tima akarudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyegundua ndugu waliopotea. "Wanawake wa kazi," aliniambia. "Wafunzwa kukaa, wafunzwa kumimina chai, wafunzwa kuimba. Jumamosi hii hatusingi. Twenda kutazama wenzetu."

Tulibadilisha basi mara moja, mvua ikinyesha ile mvua ya hapa isiyokuwa na bidii wala mwisho. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, kwenye barabara tulivu nyuma ya stesheni, na kama si kibao kidogo mlangoni ungedhani ni ya daktari wa meno. Yule mzee alitufungulia na kutuomba tuvue viatu. Bi Tima alifurahi sana. "Alhamdulillahi," alininong'oneza, "Mwingereza aliyelelewa." Juu kulikuwa na vyumba vitatu vilivyotandikwa mikeka, na makabati ya vioo, na taa hafifu. Palikuwa na vazi jeusi la kimono lenye picha za korongo pindoni, zito kiasi kwamba lilihitaji mtu wa kulifunga. Palikuwa na ala ya nyuzi tatu iliyolazwa juu ya mto, vitana, viatu vya mbao virefu vyenye kengele ndani ya kisigino, na kichwa cha mwanasesere kilichopakwa rangi nyeupe usoni pote na shingoni, ila kisogoni pameachwa ncha mbili za ngozi tupu. Mzee alieleza kila kitu polepole na mimi nikawa mkalimani pale Kiingereza cha sokoni cha Bi Tima kilipoishia. Kuhusu zile ncha mbili alisema zimeachwa makusudi, ili jicho la mtazamaji liwe na pa kwenda. Bi Tima aliitikia kwa kichwa, kama fundi anayemsikiliza fundi. "Mwambie na sisi wanja hatupaki jicho zima," alisema. Sikumbuki kama nilimwambia.

Katika chumba cha pili, juu ya meza ya chini, mzee alikuwa amewasha kijiti kimoja cha udi ndani ya kisanduku cha mbao chenye matundu. Bi Tima alipousikia moshi ule mwili wake ulimtangulia. Alisogea, akatanua baibui lake kwa mikono miwili, akasimama juu ya kile kisanduku moshi umwingie, kama tunavyofanya sote juu ya chetezo kabla ya kwenda harusini. Alifumba macho kabisa. Yule mzee alibaki mdomo wazi, na mimi nikatamani sakafu ya Acocks Green initafune. Lakini hakukasirika. Alingoja Bi Tima amalize, kisha akaeleza kwa upole kwamba kile hakikuwa chombo cha kufukizia nguo. Kilikuwa saa. Zamani, alisema, muda wa geisha kukaa na wageni ulipimwa kwa vijiti, kikiisha kimoja huwashwa kingine, na mwisho wa usiku mwenye nyumba huhesabu vilivyoungua. Nilipomfasiria, Bi Tima alilishusha baibui lake, akarudi nyuma. "Basi ule moshi ni wa umri wa mtu," alisema, na akajipangusa mikono.

Furaha yake ilirudi tulipofika kwenye picha za chumba cha mwisho. Moja ilionyesha msichana mdogo na geisha mkubwa wamepiga magoti wakielekeana, kila mmoja na kikombe. Mzee akasema huyo ni msichana anayeanza na dada yake mkubwa, si wa kuzaliwa naye, dada wa kupewa. Dada huyo ndiye atakayemfunza, atakayemtambulisha kwa watu, na kosa la mdogo huwa aibu ya mkubwa, mpaka kufa. "Somo na mwari!" Bi Tima alipiga kofi moja. "Si nilikwambia? Somo na mwari hawa, wallahi! Mwambie mzee na mimi ninaye wangu, ndiye huyu." Akanisukuma mbele. Mzee akaniinamia kwa heshima ya Kijapani na mimi nikainama, sote tukacheka. Kisha tukaenda kwenye picha iliyofuata. Alikuwa ni msichana yule yule, amekwisha kupambwa, ukosi wa nguo umebadilishwa rangi, na macho yake hayakuwa yakimtazama mpiga picha. Mzee akasita, akasema hayo yalikuwa mambo ya zamani na siku hizi hayapo. Zamani mama mwenye nyumba alikuwa akikubaliana na tajiri fulani bei ya usiku wa kwanza wa msichana, na jioni ile dada mkubwa ndiye aliyempamba msichana na kumwambia achangamke. Nilifasiri maneno hayo jinsi yalivyokuwa. Bi Tima alikwenda akaketi kwenye benchi chini ya dirisha, mikono mapajani, na yule mzee, ambaye alikuwa mstaarabu kuliko watu wengi niliokuwa nikiishi nao, akasema anashuka kututengenezea chai.

Tulikaa pale wawili. Nje treni ilipita, vioo vya makabati vikatetemeka kidogo. Bi Tima alianza kuzungumza bila ya kunitazama. Alisema alikuwa na miaka kumi na minne. Aliambiwa kuna harusi ya binamu yake, akafurahi, akapakwa hina kama wasichana wote, akaingia uani akacheza ngoma. "Nilicheza, mwanangu, nilicheza mpaka leso ikalowa. Wanawake wanitunza, nami naona raha. Ilipofika jioni nikaambiwa ingia ndani. Nikauliza, bibi harusi yuko wapi? Wakacheka." Aliufuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nilicheza ngoma ya harusi yangu mwenyewe, nami sijui." Nilimshika mkono, na ndipo akageuka, akanishika kidevu kama alivyozoea kunishika aliponitia wanja, akanitazama usoni. "Sasa nambie wewe. Na usinijibu adabu, nijibu kweli. Suleimani wamtaka?"

Hakuna mtu aliyekuwa amenipa swali hilo. Shangazi aliniuliza kama nimeona bahati yangu. Mama Suleimani aliniuliza kama najua kupika biriani ya watu wengi. Nikamwambia Bi Tima kwamba simtaki. Nikamwambia simchukii, simjui, na sitaki kumjua sasa. Nikamwambia habari za Septemba, kwamba nataka kuwa muuguzi, kwamba nakunja mashuka ya watu ambao naweza kuwahudumia vizuri kuliko wale wanaowahudumia, na kwamba wakinioza nitakunja mashuka ya Mama Suleimani mpaka nife. Nililia, lakini maneno yalitoka yote, moja moja, yenye mwanzo na mwisho. Alinisikiliza. Aliponiona nimemaliza akasema, "Nimesikia. Siku ya kikao usiseme kitu, si mahali pako kusema. Ni pangu. Ntakusemea, wallahi." Kisha tukashuka kunywa chai ya kijani, chungu kama mwarobaini, pamoja na vitumbua vidogo vilivyojazwa maharagwe ya kusagwa yenye sukari. Mzee alisema wageni wake wote hukunja uso wakivionja. Bi Tima, ambaye kwao maharagwe hupikwa kwa nazi na sukari, alikula vinne. Nilirudi Small Heath siku ile nikiwa mwepesi. Sijapata kuwa mwepesi vile tena, na nimezaa watoto wawili salama, na nimepewa talaka niliyoiomba mwenyewe.

Nyumba ile siku hizi imegawanywa vyumba vya kupangisha. Mzee alikufa, vitu vikachukuliwa sijui na nani, na niliwahi kupita pale nikaona baiskeli ya mtoto imeegemezwa mahali palipokuwa na kibao. Nimesoma tangu wakati ule kuhusu mageisha, zaidi ya inavyomfaa mtu wa kazi yangu. Inasemekana msichana wa leo huko Kyoto huenda mwenyewe, huomba kupokelewa, na akichoka hurudi kwao. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu jikoni. Wao walikuwa wamekwisha kuyaweka mambo yale ndani ya vioo. Sisi tuliyatazama, tukala vitumbua, tukapanda basi tukayarudia.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa shangazi, mchana wa Jumapili. Wanaume waliketi sebuleni mbele, wanawake chumba cha nyuma, na mimi, kama inavyompasa mwari, niliwekwa ghorofani kitandani, leso kichwani, mlango wazi. Harufu ya sambusa ilipanda ngazi. Bi Tima alikuja juu kabla hawajaanza. Alinitengeneza leso, akaitazama kucha yangu moja iliyochubuka, akashuka. Hakuniuliza chochote na mimi sikuona haja, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuniuliza. Nilisikia dua, nikasikia vikombe, nikasikia Mama Suleimani akisema duka limempa kazi nyingi na sasa atapumzika, atapata mtu wa nyumbani. Mtu akauliza, "Si nasikia binti ataka kusoma?" Mama Suleimani akajibu, "Atasoma, inshallah, kwani Septemba ni moja?" Wakacheka. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya kikao. "Haya, somo. Tupe neno la mwari wako."

Nilikuwa nimesimama, naliona tena lile zulia la shangazi lenye maua ya kahawia, na miguu yangu juu yake. Nikamsikia Bi Tima akikohoa. Akasema kwa sauti nzuri, ile aliyokuwa akiitumia kuimbia, "Mwari wangu nimemuuliza mimi mwenyewe, ana kwa ana, kwa mdomo wangu huu. Nikamwambia usinijibu adabu, nijibu kweli. Amelia. Amelia machozi ya mwana mwenye haya, akaniambia, somo, nimeridhia." Vigelegele vilipanda zile ngazi kabla sijavuta pumzi. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nguo zile alizifukiza yeye.

Watu huniuliza, wale wachache niliowahi kuwasimulia, kwa nini sikushuka. Huniuliza vijana hasa. Nawajibu kwamba hawajui wanachouliza. Neno la somo ndilo neno la mwari, na mimi kushuka pale nikasema sivyo kungekuwa ni kusema mbele ya baraza la wanawake wa Birmingham nzima kwamba Bi Tima ni mwongo, na katika baraza lile aliyekuwa na jina ni yeye. Hata hivyo nilisema. Usiku haujaingia nilikuwa nimemwambia shangazi. Akaweka chini sahani aliyokuwa akiifuta. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Somo wako kaapa wewe umelia kwa furaha. Sasa wataka mimi nimuamini nani, yeye ama wewe uliyelia?" Bi Tima mwenyewe alinijia siku ya pili na kisahani cha halua. Nikamuuliza, "Somo, nilikwambia nini kule kwa yule mzee?" Akasema, "Yale ni maneno ya kule, mwanangu, na yabaki kule. Mahali kama pale kila mtu hulia." Kisha akanimegea halua akanitia mdomoni. "Utanishukuru."

Nafasi yangu chuoni ilipewa mtu mwingine, na popote alipo namuombea heri. Suleimani hakuwa mtu mbaya, na hili pia lazima niliseme. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikuwa mtu aliyetafutiwa mpishi wa mamake, akampata, akarudi dukani. Sare ya muuguzi niliivaa nikiwa na mvi, darasani pamoja na wasichana ambao wangeweza kuwa wanangu, wakinisaidia kompyuta na kuniita mama. Miaka yote hiyo sikuacha adabu. Kila Idi nilimpelekea Bi Tima sinia yake, kwa kuwa mwari hupeleka, na yeye aliipokea mbele ya wageni akisema, "Mwamuona huyu? Huyu ndiye mwari wangu bora." Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilikuwa nikitabasamu, nikachukua sinia tupu, na njiani kurudi nilikuwa nikisema peke yangu barabarani, watu wakinipisha.

Mara ya mwisho nilimkuta sebuleni kwake, kwenye kitanda cha hospitali walichomletea nyumbani, alasiri. Mwanawe aliniomba nikae naye kidogo aende dukani. Nilimgeuza, nikamtazama mgongo kama hajafanya vidonda, nikampangusa uso kwa kitambaa cha uvuguvugu, kazi ninayoijua vizuri na ambayo ningeweza kuijua mapema zaidi. Alikuwa amebaki mdogo sana, lakini akili yake ilikuwa timamu na mdomo ulikuwa ule ule. "Mikono yako mizuri," aliniambia. "Nani alikufunza?" Nikakaa kwenye kiti kando yake na nikamuuliza. Sikuzunguka. Nikasema, "Somo, siku ile ya kikao, kwa nini?"

Hakujifanya kwamba hajui siku ipi. "Ningesema hutaki," alisema, "wangesema, somo gani huyu, mwari amshinda. Mama Suleimani angenifungia kila mlango." Akapumzika. Kisha sauti yake ikapanda, na ilikuwa ya hasira, hasira ya kitu cha zamani sana. "Na mimi je? Mimi nani aliniuliza? Nilipoingizwa ndani mle, nani alinishika kidevu akanambia, Tima, wataka? Hakuna. Na niliishi. Nikazaa, nikalea, nikafika Ulaya. Nawe umeishi. Sasa walalama nini?"

Nilikuwa nimengoja jibu hilo zaidi ya nusu ya umri wangu, na nilikuwa nimejiandaa kumuonea huruma. Huruma ilikuja, sikatai. Lakini ilikuja pamoja na ghadhabu, na ghadhabu ndiyo iliyosema.

"Wewe hukuulizwa, somo," nilimwambia. "Mimi uliniuliza, nikakujibu."

Akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka nilipoondoka.